Simu ya bosi wa zamani iandikwe kitabuni

David Cameron hakuvunja kanuni yoyote. Ndivyo ilivyosema Kamati ya Hazina ya Bunge la Uingereza Julai 2021, baada ya kupitia lundo la jumbe ambazo Waziri Mkuu huyo wa zamani aliwatumia mawaziri na watumishi wa serikali aliyowahi kuiongoza, akiitetea kampuni iliyokuwa ikimlipa. Kamati ilisema alipungukiwa sana na busara, ikaongeza kwamba kanuni zenyewe hazina nguvu ya kutosha, ikafunga jalada. Hakushtakiwa wala hakutozwa faini.

Hatuna ugomvi na kamati hiyo juu ya mtu. Ugomvi wetu ni juu ya kanuni. Kanuni ambayo kiongozi anaiweka yeye mwenyewe, kisha anaisubiri ipite kama mtu anayejikinga mvua barazani, halafu anaendelea na safari yake, haikuzuia kitu. Ilichelewesha tu.

Tunalifungua jalada hili tena kwa sababu mbili. Oktoba 2025 Uingereza iliivunja kamati ya ushauri iliyokuwa ikipima kazi mpya za mawaziri na maofisa wakuu wanaotoka serikalini, kamati iliyokuwapo tangu 1975 bila kupewa meno. Na huku kwetu, Julai mwaka huohuo, Rais William Ruto wa Kenya alitia saini Sheria ya Mgongano wa Maslahi. Nchi zinaandika upya kanuni za jambo hili, na ni vyema zikaandika zikiwa na habari kamili ya kilichotokea London, kwa sababu huko angalau jumbe zenyewe zilipatikana zikasomwa. Kwetu mambo ya namna hii huishia kwenye minong'ono.

Cameron aliondoka Downing Street tarehe 13 Julai 2016. Kanuni za mawaziri, zilizokazwa na serikali yake mwaka 2010, zilimkataza waziri anayeondoka kuishawishi serikali kwa miaka 2. Mwaka huohuo, kabla ya kuingia madarakani, alikuwa amehutubia akionya kwamba biashara ya ushawishi ndiyo kashfa kubwa inayofuata nchini mwake. Alitabiri vizuri. Agosti 2018, mwezi wa 25 tangu aondoke, akaingia Greensill Capital akiwa mshauri.

Mwenye kampuni, Lex Greensill, alikuwa Mwaustralia mtoto wa wakulima wa Queensland, na hakuwa mgeni wa nyumba hiyo. Aliingizwa Downing Street wakati Cameron akiwa Waziri Mkuu, kwa mkono wa Jeremy Heywood, aliyekuwa mmoja wa watumishi wa umma wenye nguvu kuliko wote nchini. Alipata hata kadi ya biashara iliyomtaja kuwa mshauri mwandamizi katika ofisi ya Waziri Mkuu. Biashara yake si ngumu kuielewa: muuzaji ameuza mzigo kwa kampuni kubwa na atalipwa baada ya miezi mitatu, Greensill anamlipa leo kwa punguzo, kisha siku ikifika anakusanya deni lote kwa mnunuzi. Ni biashara halali na ya kale. Alishauri serikali iitumie, na miaka michache baadaye aliyekuwa mkuu wa serikali hiyo akawa kwenye orodha yake ya malipo.

Machi 2020 korona ikaingia. Hazina na Benki Kuu ya Uingereza wakaanzisha mfuko wa dharura wa kununua hati za madeni ya muda mfupi za kampuni kubwa ili zisianguke. Kampuni za fedha hazikuwa na nafasi humo. Greensill ilitaka kanuni zilegezwe iingie, na hapo simu ya Cameron ikaanza kazi. Aliandika kwa Waziri wa Fedha Rishi Sunak, akaandika kwa mawaziri wadogo wa Hazina, kwa waziri mwenzao Michael Gove, kwa naibu gavana wa Benki Kuu, na kwa Tom Scholar, Katibu Mkuu wa Hazina. Makumi ya jumbe ndani ya miezi michache: barua pepe, meseji, WhatsApp. Mmoja wa jumbe alizomwandikia Scholar, ambaye aliwahi kufanya kazi chini yake Downing Street, ulitaja kusalimiana kwa viwiko kama ilivyokuwa desturi ya siku zile, ukafungwa kwa neno la mapenzi na herufi za mwanzo za jina lake. Hiyo haikuwa lugha ya mwombaji. Alikuwa anazungumza na watu wake.

Sunak alimjibu Aprili 2020 kwamba amewasukuma maofisa wake watazame njia nyingine. Maofisa wakakutana na kampuni hiyo mara kadhaa. Mwishowe, Juni 2020, Hazina ikasema hapana.

Watetezi wa Cameron husimama hapo. Alinyimwa, wanasema, kwa hiyo mfumo ulifanya kazi. Hoja hiyo hatuikubali. Katika wiki zile maduka yalikuwa yamefungwa, mamilioni ya wafanyakazi walikuwa wakilipwa na serikali wakae nyumbani, na maofisa wa Hazina walikuwa wakiamua ni biashara ipi iokolewe na ipi iachwe. Saa za watu hao zilikuwa mali ya umma kuliko fedha yenyewe. Ni mwenye mgahawa gani wa Birmingham aliyeweza kuwakalisha meza moja maofisa wa juu wa Hazina, mara moja tu, achilia mbali mara kadhaa? Kunyimwa baada ya kusikilizwa hivyo ni daraja ambalo raia wa kawaida halifikii hata katika ndoto.

Na Greensill haikubaki mikono mitupu. Iliidhinishwa kukopesha chini ya mpango mwingine wa korona, ambao serikali ilidhamini asilimia 80 ya kila mkopo, ikatoa takriban pauni milioni 400, sehemu kubwa kwa kampuni za mfanyabiashara mmoja wa chuma, Sanjeev Gupta, na jamaa zake. Hatudai kwamba jumbe za Cameron ndizo zilizofungua mlango huo. Tunasema tu kwamba umma ulibeba hatari ya kampuni ambayo tarehe 8 Machi 2021 iliwekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi. Benki ya Credit Suisse ilikuwa imekwisha kufungia mifuko ya dola bilioni 10 iliyofungamana nayo. Miji kadhaa ya Ujerumani iliyokuwa imeweka fedha za wananchi wake katika benki ya Greensill iliyoko Bremen ilijikuta inasimama kwenye foleni ya wadai.

Sasa tuje kwenye adabu, maana kesi hii yote imekaa juu yake.

Scholar alipoulizwa na wabunge kwa nini alizungumza na Cameron, alieleza kwamba waziri wa zamani uliyefanya naye kazi akikutafuta, ni jambo la kawaida na la heshima kumsikiliza. Tunamwamini. Hakuna dalili kwamba alihongwa au alitishwa. Alikuwa na adabu tu. Na msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura hahitaji Mwingereza amweleze adabu hiyo inavyofanya kazi.

Saa nne asubuhi, ofisi ya umma, yoyote ile. Kwenye benchi la korido wamekaa watu na bahasha zao za kaki. Yupo aliyekuja kutoka wilayani kwa basi la usiku. Gari linaingia, mlinzi anapiga saluti. Anashuka mzee aliyewahi kuwa mkuu wa idara hiyo, miaka mitatu tangu astaafu. Kitabu cha wageni kipo mezani na kalamu yake imefungwa kwa kamba, lakini hakuna anayemsogezea. Katibu muhtasi anasimama. "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwanangu. Bwana mkubwa yupo?" Yupo. Bwana mkubwa huyo aliajiriwa na mzee. Barua ya kupandishwa kwake cheo ina saini ya mzee. Pengine alipooa, mzee ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya harusi. Chai inaletwa. Wanaulizana hali za nyumbani, wanacheka kidogo kuhusu enzi zile. Kisha, akiwa ameshika kitasa: "Mwanangu, kuna faili la vijana wangu limekwama hapa kwenu. Hebu litazame." Robo saa imetosha. Haikutoka bahasha wala haikutajwa shilingi. Faili linatoka chini ya lundo linakuja juu, na yule wa basi la usiku anaambiwa arudi Jumatatu.

Wapambanaji wa rushwa wa TAKUKURU hawana cha kukamata pale, na kule Kenya wenzao wa EACC nao hawana. Zamani kingekuja kimemo, kipande cha karatasi chenye mistari miwili na saini ya kigogo, na pengine karani mkaidi angekihifadhi. Siku hizi ni ujumbe wa sauti wa sekunde 40 unaosikilizwa na kufutwa.

Mzee huyo anauza nini kwa hao anaowaita vijana wake? Si ujuzi. Ujuzi angeweza kuutumia akiwa ofisini kwao, kwa kuwafundisha namna ya kujaza maombi yao sawasawa, na hakuna mwenye akili atakayemkataza. Anachouza ni kule kushindwa kwa aliyemwachia kiti kumwambia hapana. Deni la fadhila ambalo mtumishi analo kwa mkubwa wake wa zamani linageuzwa kuwa bidhaa, linapelekwa sokoni, na mnunuzi analipa kwa mwezi. Cameron alikiri mbele ya wabunge kwamba Greensill ilimlipa zaidi sana kuliko alivyolipwa akiwa Waziri Mkuu, ingawa alikataa kutaja kiasi.

Hayo yakieleweka, kosa la kanuni nyingi linaonekana. Zinahesabu miezi. Zinamtazama anayetoka, zinampa muda wa kukaa kando, kisha zinamwachia. Lakini deni la fadhila halifi kwa kupita miezi 24. Mkurugenzi aliyeajiriwa na mzee ataendelea kuwa ameajiriwa na mzee hata baada ya miaka 10.

Marekani imefika mbali zaidi katika hili, na tunaisifu pale inapostahili. Sheria yake ya jinai, kifungu cha 207 cha mkusanyiko wa sheria za makosa, haikuishia kwenye kalenda. Mtumishi wa serikali kuu aliyeshughulikia jambo mahususi kwa mikono yake, kwa mfano mkataba fulani au kesi fulani, hawezi kurudi serikalini kulisemea jambo hilohilo kwa niaba ya mtu mwingine maisha yake yote. Kwa yaliyokuwa chini ya mamlaka yake tu katika mwaka wake wa mwisho, ni miaka 2. Maofisa waandamizi hawaruhusiwi kuwasiliana na idara waliyotoka, kwa nia ya kuishawishi kwa ajili ya mwingine, kwa mwaka mmoja. Wa ngazi ya juu kabisa, miaka 2. Simu ni mawasiliano, barua pepe ni mawasiliano. Anayekiuka kwa makusudi anaweza kufungwa hadi miaka 5. Na sheria hiyo imejua kutofautisha: mtu akifuatilia pensheni yake mwenyewe, au akiitwa kutoa ushahidi kwa kiapo, hana kosa.

Hata hivyo nako pana matobo. Sheria inakataza kuwasiliana. Haikatazi kukaa nyuma ya pazia ukimwandikia mwingine maneno ya kwenda kusema. Kifungu chenyewe nacho kimewahi kushindwa mahakamani. Lyn Nofziger, msaidizi wa Rais Ronald Reagan, alitiwa hatiani Februari 1988 kwa kuishawishi Ikulu aliyotoka, moja ya kazi zake ikiwa ni kwa ajili ya kampuni ya Wedtech. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikaifuta hukumu hiyo, ubishi mkubwa ukiwa ni kile ambacho sheria ilitaka mshtakiwa awe anakijua alipokuwa anawasiliana. Na pale ambapo marais waliongeza masharti yao juu ya sheria, waliyaondoa walipoona yanawabana watu wao. Bill Clinton aliweka miaka 5 kwa wateule wake siku alipoapishwa, Januari 1993, akaifuta Desemba 2000 wateule haohao wakijiandaa kutafuta kazi. Donald Trump aliweka miaka 5 Januari 2017, akaifuta katika saa zake za mwisho Ikulu, Januari 2021. Mmoja ni wa chama hiki, mwingine ni wa chama kile. Hivyo tunasema: ahadi ya maadili iliyotiwa saini na rais peke yake ni ya kupigia picha. Iwe sheria ya Bunge, au isitangazwe kabisa.

Kuna jambo jingine ambalo kanuni za kuhesabu miezi hazilioni: biashara huanza kabla mtu hajafunga droo za meza yake. Darleen Druyun alikuwa mnunuzi mkuu wa Jeshi la Anga la Marekani, mwanamke aliyeogopwa na kila kampuni ya silaha. Wakati akijadiliana na Boeing bei ya ndege za kujazia mafuta angani, alikuwa pia akijadiliana nayo kazi yake. Boeing ilikuwa imekwisha kumwajiri binti yake na mkwewe. Aliondoka jeshini mwishoni mwa 2002, Boeing ikampokea mwanzoni mwa 2003, ikamfukuza Novemba mwaka huo mambo yalipofichuka, na Oktoba 2004 mahakama ikampa miezi 9 jela. Mkuu wa fedha wa Boeing, Michael Sears, naye akafungwa miezi 4. Mwaka 2006 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 615 kumaliza kesi hiyo na nyingine. Mpokeaji naye aliadhibiwa, na hilo Waafrika Mashariki tulizoee kulidai: kampuni inayomnunua mtumishi nayo ina hesabu ya kutoa.

Linganisha na Bill Crothers wa Uingereza. Alikuwa mkuu wa ununuzi wa serikali nzima. Septemba 2015 alianza kuishauri Greensill akiwa bado mtumishi wa umma, kwa idhini ya mwajiri wake, na alipoondoka baadaye mwaka huo kamati ya ushauri haikupewa nafasi ya kumpima, kwa maelezo kwamba ajira yenyewe ilianza akiwa ndani. Mwenyekiti wa kamati hiyo, Eric Pickles, aliwaambia wabunge mwaka 2021 kwamba laiti Crothers angetaka kwenda kuuza maziwa mitaani, wao wangekuwa na la kusema. Kicheko hicho kilikuwa cha uchungu. Sheria ya 2014 ya kusajili washawishi nayo, iliyopitishwa chini ya Cameron, iliwabana washawishi wa kukodiwa tu. Cameron alikuwa mwajiriwa wa kampuni, kwa hiyo Machi 2021 msajili akamwona hana kosa. Kila mlango uliotakiwa kumzuia ulikuwa na ufunguo wake pembeni.

Na Novemba 2023 Rishi Sunak, wakati huo akiwa Waziri Mkuu, alimteua Cameron kuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Aliyepokea meseji alimpa kazi aliyezituma. Hakuna kanuni iliyovunjwa hapo pia.

Tunajua tutakavyojibiwa. Tutaambiwa wastaafu wana haki ya kula. Wanayo. Kikokotoo cha mafao kimewaliza wengi, na mhandisi wa barabara aliyetumikia miaka 30 ana kila sababu ya kufanya kazi kwa mkandarasi akiwa bado na nguvu. Mwalimu mstaafu anayekwenda wizarani mara ya tano kuulizia mafao yake si mtu tunayemzungumzia, na ole wake ofisa atakayetumia tahariri hii kumfukuza mlangoni. Tunamzungumzia mtu anayerudi kwenye ofisi aliyoishika, kwa ajili ya mteja anayemlipa, bila aliye kwenye benchi kujua kwamba amekuja. Tutaambiwa pia kwamba serikali inahitaji hekima ya wazee. Inahitaji. Hekima huombwa na serikali, huandikiwa barua, na hutolewa mbele ya watu. Ile inayokuja yenyewe, kwa simu, saa tatu usiku, ikiwa na jina la zabuni ndani yake, ina mwenyewe.

Katika nchi zetu si kwamba tumekosa msingi. Nchini Tanzania, Azimio la Arusha la 1967 liliweka miiko: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni ya kibepari, asiwe mkurugenzi humo, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba za kupangisha. Ilikuwa miiko mikali, ya mtu aliye madarakani. Iliyeyushwa Zanzibar mwaka 1991. Ikaja Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995, ambayo inamtaka kiongozi, hata baada ya kuondoka, asijinufaishe isivyostahili na wadhifa aliokuwa nao. Kenya ina Sheria ya Uongozi na Maadili ya 2012, iliyoandika miaka 2 kwa aliyekuwa ofisa wa dola asirudi kushughulikia jambo alilolishika akiwa ofisini, na sasa hiyo ya Mgongano wa Maslahi. Maneno hayo ni mazuri. Lakini yule katibu muhtasi pale mlangoni, mzee anapomsalimu, hayamsaidii lolote. Hakuna karatasi ya kumwonyesha mzee. Hakuna amri ya kujifichia.

Hapo ndipo hukumu yetu ilipo. Mzigo wa kwanza usiwekwe kwa anayepiga simu. Uwekwe kwa anayepokea. Kila mtumishi wa umma mwenye mamlaka ya kutoa leseni, zabuni, kibali, kiwanja au msamaha wa kodi aandike kila mawasiliano anayofanyiwa na aliyewahi kuwa mkubwa au mwenzake wa ofisi hiyo, yakihusu jambo la mtu mwingine: nani, lini, kwa njia gani, kwa ajili ya nani, na alitaka nini. Simu ya nyumbani ihesabike. Mazungumzo ya msibani na harusini, yakigusa faili, yahesabike. Oktoba 2019 Cameron alimkutanisha Lex Greensill na Waziri wa Afya, Matt Hancock, kwa kinywaji cha faragha, na kampuni hiyo wakati huo ilikuwa na mpango wa kuwalipa wafanyakazi wa afya mishahara yao kwa siku. Kinywaji si kikao, ndivyo watu wa namna hii wanavyojitetea. Basi kinywaji kiandikwe. Ujumbe wa WhatsApp uhamishiwe kwenye jalada, na kuufuta liwe kosa la kinidhamu.

Daftari hilo lisomwe na umma. Lisipowekwa wazi litageuka kuwa kitabu kingine chenye kalamu iliyofungwa kwa kamba. Hazina ya London kwanza ilikataa kutoa jumbe za Cameron. Zilitoka kwa sababu waandishi na wabunge waling'ang'ania. Huwezi kuendesha maadili ya nchi kwa kutegemea ung'ang'anizi wa gazeti moja.

Kisha anayeondoka apewe, siku anayokabidhi ofisi, waraka wenye orodha ya mambo aliyoyashughulikia kwa mkono wake, aweke saini kwamba hatayarudia kwa ajili ya mwingine, maisha yake yote. Hilo tumelichukua kwa Wamarekani bila aibu. Akishasaini, hakuna wakili atakayesema hakujua. Kampuni inayomtuma ifungiwe zabuni za ofisi hiyo. Na adhabu iguse kitu ambacho mkubwa anakithamini, yaani marupurupu yake ya kustaafu, kwa sababu aibu ya magazetini imethibitika kwamba haidumu.

Kuna watakaoona daftari kama utovu wa adabu: kijana anamwandika mzee wake kitabuni. Sisi tunaona kinyume chake. Anayeitwa mwanangu na bosi wake wa zamani hana pa kukimbilia leo. Akikataa, ni mtovu wa shukrani; akikubali, ameibia wananchi. Mpeni amri ya kuandika, na atakuwa na la kusema bila kumvunjia mtu heshima: "Mzee, nakusikiliza, lakini nalazimika kuyaandika haya." Wengi watakumbuka wana safari nyingine.

Bunge litachukua muda wake, na tunajua lina wabunge ambao nao watakuwa wastaafu. Lakini kwa hatua ya kwanza hakuna haja ya kulisubiri. Katibu Mkuu wa wizara ana mamlaka ya kuwaelekeza watumishi wake namna ya kutunza kumbukumbu za ofisi. Waraka wa ukurasa mmoja unatosha. Mwaka mpya wa fedha katika nchi zetu unaanza tarehe 1 Julai. Waraka huo uwe umebandikwa juu ya kila kitabu cha wageni kabla ya siku hiyo.